Jinsi Nchi Inavyopimwa Kabla ya Kufanywa Hifadhi ya Taifa

Wasomaji wetu wa Nyanda za Juu za Kusini, tangu Mbeya hata Iringa, hawana haja ya kuambiwa hifadhi ya taifa ni kitu gani. Akaaye Idodi au Pawaga amelala usiku mwingi akilinda mahindi yake na tembo. Akaaye upande wa Makete huyaona maua ya Kitulo kila mwaka mvua zikikolea. Akaaye Mbarali ameona mipaka ikiandikwa, kisha ikiandikwa upya. Lakini wengi wetu huliona jambo hili likiwa limekwisha kuamuliwa, wala hatujui liliamuliwa kwa kipimo gani. Leo twapenda kueleza namna serikali zinavyoitazama nchi kabla ya kusema: Hii na iwe hifadhi ya taifa, na ile isiwe.

Jambo hili si dogo. Nchi ikisha kutangazwa kuwa hifadhi, haki za watu za kukaa, kulima, kuchunga, kuwinda na kukata miti ndani yake hukoma, na kulirudisha nyuma tangazo hilo ni kazi nzito. Aliyekosea kupima debe la mahindi hutengeneza kosa lake siku ile ile sokoni. Aliyekosea kupima nchi huwaachia wajukuu wake kosa hilo. Kwa hiyo yafaa kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, ajue wapimaji hutazama nini, hukosea wapi, na mwenyeji ana nafasi gani ya kusema.

ASILI YA SHAURI HILI

Hifadhi ya taifa ya kwanza duniani ni Yellowstone, iliyofanywa huko Marekani mwaka 1872. Katika Afrika, hifadhi ya Albert katika Kongo ilifanywa mwaka 1925, na ile ya Kruger katika Afrika Kusini mwaka 1926. Mwaka 1933 wajumbe wa serikali zilizokuwa zikitawala Afrika walikutana London, wakaandika mapatano juu ya kuhifadhi wanyama na mimea. Humo walieleza maana ya hifadhi ya taifa: ni nchi iliyo chini ya mamlaka ya umma, ambayo mipaka yake haibadilishwi ila na wenye uwezo wa kutunga sheria, ambamo kuwinda na kuharibu mimea ni marufuku, na watu wote huweza kwenda kuitazama. Neno hilo la mipaka ndilo zito kuliko yote. Maana mpaka usiobadilika kwa urahisi ni ngao kwa wanyama. Lakini ukiwa umechorwa vibaya, ni mwiba kwa watu.

Kila nchi ina kipimo chake. Huko Marekani wapimaji huuliza mambo manne: je, mahali hapa pana thamani kwa taifa zima, au kwa wilaya moja tu? Je, tayari tunazo hifadhi nyingine za namna hii hii? Je, yawezekana kupatunza, kwa ukubwa wake na kwa gharama zake? Na je, hapana mtu mwingine awezaye kupatunza vema kama shirika la hifadhi? Huko Kanada wameigawa nchi yao mafungu 39 kwa tabia ya ardhi na mimea, nao wanataka kila fungu liwe na hifadhi yake. Na kabla ya kutunga sheria hupima, hushauriana na wenyeji, kisha huandika mapatano.

Hapa Tanzania sheria ya hifadhi za taifa ina asili yake katika mwaka 1959. Sheria hiyo yasema kwamba Rais, kwa ridhaa ya Bunge, aweza kutangaza nchi kuwa hifadhi kwa tangazo katika Gazeti la Serikali; na Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, ndilo hukabidhiwa kuitunza. Maneno ya nchi hizi hutofautiana, lakini mtu akiyachambua ataona kwamba mambo yatazamwayo ni yale yale. Nasi tutayatazama moja moja kwa mifano ya nchi yetu wenyewe.

JAMBO LA KWANZA: JE, PANA KITU KISICHOPATIKANA PENGINE?

Uwanda wa Kitulo uko juu kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Mtu aliyezoea habari za simba na tembo akifika huko atauliza: Wanyama wako wapi? Tembo na simba hawapo. Zamani palijaribiwa ufugaji wa kondoo na kilimo cha ngano, na ng'ombe wa maziwa hufugwa upande mmoja wa uwanda huo hata leo. Lakini wataalamu wa mimea walipohesabu walipata aina zipatazo 350, na katika hizo aina 45 ni za maua ya okidi yaotayo ardhini. Na baadhi yake hazioti mahali pengine popote duniani. Wenyeji walikwisha kupaita Bustani ya Mungu kabla mtaalamu hajafungua daftari lake.

Basi swali la kwanza likapata jibu. Likafuata la pili: je, kitu hicho ki hatarini? Ikaonekana kwamba viazi vya okidi huchimbwa kwa mamilioni na kuvushwa mpaka wa Zambia, ambako hufanywa chakula kiitwacho chikanda. Mchimbaji hapati mavuno ya pili, kwa maana aking'oa kiazi amekwisha kuua ua. Mwaka 2005, Makete ikiwa bado katika Mkoa wa Iringa, Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi yenye kilomita za mraba 412.9. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya joto iliyofanywa hasa kwa ajili ya mimea.

Yafaa wasomaji watambue kwamba mara nyingi elimu ya kwanza hutoka kwa wenyeji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua nyani mmoja wa miti ya juu, mwenye manyoya marefu, wakimwita kipunji. Wataalamu walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Mwaka 2004 akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Mwaka 2006 ikathibitishwa kwamba atofautiana na nyani wengine waliojulikana, akapewa jenasi yake peke yake. Kadhalika mwaka 1991 watafiti wa Denmark, wakiwa kambini katika misitu hiyo ya Udzungwa, waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya kitoweo, nayo haikuwa ya ndege waliyemjua. Ndivyo alivyogunduliwa kwale wa Udzungwa. Wapishi walimla bila mshangao wowote, maana kwao hakuwa mgeni. Kwa hiyo mpimaji apitaye kijijini bila kuuliza hujinyima nusu ya elimu.

Ruaha nayo ina jibu la namna nyingine. Huko msitu wa miombo wa kusini hukutana na nyika ya migunga ya kaskazini. Tandala mkubwa na tandala mdogo hupatikana pamoja, na palahala na korongo vilevile. Mahali pa kukutania namna hiyo ni kama soko la njia panda: hupata bidhaa za pande zote mbili.

JAMBO LA PILI: HESABU NA UDHAIFU WAKE

Kitu kikisha kujulikana, hapana budi kuhesabiwa. Wanyama wakubwa huhesabiwa kwa ndege. Rubani hufuata mistari iliyonyoka, akishika kimo kimoja. Watazamaji hukaa pande mbili, nao huhesabu wanyama waonekanao kati ya fimbo mbili zilizofungwa chini ya bawa. Zile fimbo huonyesha upana wa ukanda wa ardhi unaohesabiwa. Kisha hesabu ya kanda zote huzidishwa ili kupata kadirio la nchi nzima.

Tazameni hesabu za tembo wa Ruaha na Rungwa. Mwaka 2013 kadirio lilikuwa 20,090. Mwaka 2014 lilikuwa 8,272. Serikali ilishtuka, ikaamuru hesabu irudiwe, na mwaka 2015 kadirio likawa 15,836. Tembo hazai watoto elfu saba kwa mwaka mmoja katika nchi moja. Twajua kwamba majangili waliwaua tembo wengi miaka ile. Lakini twajua pia kwamba kadirio hubadilika kwa majira, kwa makundi kuhama, na kwa mahali mistari ya ndege ilipopita. Mkulima ahesabuye magunia ghalani huhesabu kitu chenyewe; ahesabuye tembo kwa ndege huhesabu sehemu, kisha hukisia. Basi mtu akikuletea hesabu moja ya mwaka mmoja na kusema kwamba kwa hiyo nchi yako lazima ichukuliwe, au kwamba kwa hiyo haina maana, mwombe hesabu za miaka mingine pia.

JAMBO LA TATU: MIPAKA NA MAJI

Mnyama hasomi ramani. Mfano mkubwa ni wa Serengeti. Hifadhi hiyo ilipoanza kazi mwaka 1951, nyanda za Ngorongoro zilikuwa ndani yake, na Wamasai walikaa humo na ng'ombe wao. Ukazuka ubishi. Mwaka 1956 Profesa Pearsall alitumwa kuitazama nchi, na mwaka 1957 ikaundwa kamati ya uchunguzi. Mwisho wake, mwaka 1959, nchi iligawanywa: Serengeti ikawa hifadhi isiyokaliwa na watu, na Ngorongoro ikawa eneo la watu na wanyama pamoja. Lakini Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama kwa ndege mwaka 1958, waliona kwamba makundi ya nyumbu katika safari zao za mwaka huvuka ile mipaka mipya na kwenda nje. Mipaka ilikuwa imechorwa kabla njia za wanyama hazijajulikana sawasawa.

Kwetu sisi shida si nyumbu, bali ni maji. Jina la Ruaha latokana na neno la Kihehe luvaha, maana yake mto. Nchi hiyo imepimwa mara nyingi. Mwaka 1910, zamani za Wadachi, sehemu yake ilifanywa pori la akiba lililoitwa Saba. Mwaka 1946 Waingereza walifanya pori la akiba la Rungwa. George Rushby, Bwana Nyama aliyejulikana sana kwa kuwaua simba wala watu wa Njombe katika miaka ya 1940, alikuwa miongoni mwa waliotoa shauri kwamba sehemu ya kusini ya Rungwa iwe hifadhi ya taifa. Na ikawa hivyo mwaka 1964. Uhai wa hifadhi hiyo wakati wa kiangazi ni Mto Ruaha Mkuu. Viboko, mamba, nyati na tembo hutegemea maji yake. Lakini chemchemi zake ziko mbali, nje ya mipaka.

Mito ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera hushuka kutoka nyanda za juu, ikaingia bonde la Usangu. Hapo maji hunywesha mashamba ya mpunga, na yaliyobaki huingia kinamasi cha Ihefu, kisha hutoka kwa kizingiti cha mawe mahali paitwapo Ng'iriama. Ndipo mto huingia hifadhini na kuendelea kwenda Mtera na Kidatu, iliko mitambo ya umeme. Kinamasi kikishuka chini ya kile kizingiti, maji hayatoki tena, kama vile mtungi ulioinama kidogo usivyomwaga maji yaliyo chini ya mdomo wake. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Basi ikaonekana kwamba hifadhi iliyopimwa vema kwa wanyama wake haikuwa imepimwa kwa maji yake.

JAMBO LA NNE: WATU WALIO NDANI NA KANDO

Kwa sababu ya maji hayo Usangu ilianza kupimwa. Mwaka 1998 ilifanywa pori la akiba. Miaka hiyo hiyo mradi ulioitwa SMUWC, uliosaidiwa na Uingereza, ulichunguza bonde zima. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji ya kiangazi huchukuliwa zaidi na mifereji ya mashamba kuliko na midomo ya ng'ombe. Walakini mwaka 2006 na 2007 wafugaji ndio walioamriwa kuondoka pamoja na mifugo yao. Wengi walisafiri mbali, hata mikoa ya kusini kama Lindi, na wengine walipoteza mali nyingi njiani. Mwaka 2008 tangazo la Serikali liliiunganisha Usangu na Hifadhi ya Ruaha. Hifadhi ikafikia kilomita za mraba 20,226, ikawa kubwa kuliko zote Tanzania mpaka ilipofanywa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019.

Ndani ya mpaka ule mpya vilikuwamo vijiji na mashamba ya Wilaya ya Mbarali. Kwa miaka mingi watu waliendelea kuishi humo bila kujua hakika yao, huku shule zikifundisha na mpunga ukivunwa. Wakulima wakapeleka shauri Mahakama Kuu ya Mbeya. Mwaka 2023 Serikali ilitoa tangazo jingine lililotengeneza mipaka upya. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki yote na nani hakuwa nayo. Twasema tu kwamba swali la watu, ambalo lingeulizwa mwanzoni kwa mikutano na vipimo vya mashamba, liliulizwa baada ya miaka mingi, na kila mwaka uliopita ulilifanya kuwa gumu zaidi, kwa maana watoto walizaliwa na nyumba zilijengwa.

Tena watu wa kando wasisahauliwe. Milima ya Udzungwa, iliyo katika mikoa ya Iringa na Morogoro, ilifanywa hifadhi mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990. Wanawake wa vijiji vya chini ya mlima waliruhusiwa kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka; mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Sababu ya kuikomesha yaeleweka, maana msitu huo ni hazina. Lakini jiko la jioni halijui sheria. Mpimaji mwema huuliza mapema: Kuni zitatoka wapi? Makaburi na mahali pa matambiko patafikiwaje? Ng'ombe watanywa wapi mwezi wa kumi? Nchi yenye majibu ya maswali haya ni nchi iliyopimwa. Isiyo na majibu imetazamwa tu.

JAMBO LA TANO: GHARAMA NA FAIDA

Hifadhi hula fedha kabla ya kuzaa fedha. Yahitaji askari, magari, barabara, madaraja na nyumba za walinzi. Wageni hawafiki kama njia ni mbaya, na hifadhi za kusini ziko mbali na viwanja vikubwa vya ndege kuliko zile za kaskazini. Kwa ajili hiyo Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2017 kukopesha dola milioni 150 ili kukuza utalii wa kusini, Ruaha ikiwamo. Lakini yakaletwa malalamiko juu ya wenyeji wa Usangu. Mwezi wa nne mwaka 2024 benki ilisimamisha kutoa fedha, na mwezi wa kumi na moja mwaka huo mradi ukafungwa. Hapa wenye kupanga mambo wana somo: swali la watu likiachwa bila jibu, hugeuka kuwa swali la fedha.

Faida nazo ni za kweli. Mlima uliohifadhiwa hutoa mito. Mito hutoa mpunga na umeme. Wageni huleta kazi na ada. Lakini faida na hasara hazianguki mahali pamoja. Umeme wa Kidatu huwaka mijini, na tembo hula mahindi Idodi. Sheria yetu hutoa malipo kwa aliyeharibiwa mazao na kwa waliofiwa, na majina ya malipo hayo, kifuta jasho na kifuta machozi, yatosha kuonyesha kwamba si fidia kamili. Kwa hiyo mpimaji hafai kuandika faida ya taifa peke yake kwa jumla moja kubwa. Na aandike safu mbili: nani atapata, na nani atatoa.

JAMBO LA SITA: JE, JINA LA HIFADHI YA TAIFA NDILO LIFAALO?

Watu wengi hudhani kwamba nchi ama ni hifadhi ya taifa, ama haina ulinzi wowote. Sivyo. Sheria ina madaraja mengi, na kazi mojawapo ya wapimaji ni kuchagua daraja linalofaa. Katika hifadhi ya taifa hapakaliwi, hapalimwi, wala hapawindwi. Katika pori la akiba mtu huweza kuwinda kwa leseni. Mpanga Kipengere, iliyotangazwa mwaka 2002, ni ya namna hiyo. Mlima Rungwe, makao ya kipunji, haukufanywa hifadhi ya taifa, bali mwaka 2009 ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia chini ya wenye kutunza misitu.

Na liko daraja jingine, ambalo ardhi hubaki mali ya vijiji. Huko Iringa, kando ya Ruaha, vijiji vya Idodi na Pawaga viliungana katika jumuiya iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Wanavijiji hutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, huweka walinzi wao, na mapato ya wageni na wawindaji hugawanywa kwa vijiji. Njia hii ina taabu zake: mapato hupanda na kushuka, na hesabu zisipowekwa wazi watu hunung'unika. Lakini yaonyesha kwamba mnyama aweza kulindwa bila mwenye ardhi kuondolewa. Ndiyo maana lile swali la nne la Wamarekani lina maana kwetu pia: je, hapana mtu mwingine awezaye kupatunza vema?

SHERIA NA NAFASI YA MWENYEJI

Sasa tuseme juu ya mlango anaopitia mwenyeji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba Rais aweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, lakini si kimyakimya. Ardhi isiyozidi hekta 250, yaani kama ekari 618, mkutano mkuu wa kijiji ndio hukubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye huamua, lakini baada ya kuyatafakari mapendekezo ya mkutano mkuu. Tena ardhi haihamishwi mpaka yamepatikana mapatano juu ya fidia: ni ya namna gani, kiasi gani, italipwaje na lini.

Kwa kuwa hifadhi ni kubwa kuliko hekta 250, neno la mwisho si la kijiji. Lakini neno la kijiji lazima lisikilizwe, na neno lisilosemwa halisikiki. Wako watu wasiohudhuria mkutano wa kijiji, wakidhani ni maneno ya kupoteza muda. Kisha siku askari afikapo na ramani huanza kutafuta wazee wa kuwasemea. Wakati huo muhtasari wa mkutano umekwisha kuandikwa, na jina la kijiji limekwisha kuwekwa chini yake.

Basi yatupasa sisi wenyeji kufanya mambo machache. Kijiji na kiwe na cheti cha ardhi yake na mpango wa matumizi ya ardhi ulioandikwa, maana shamba lisiloandikwa huonekana katika ramani kama pori. Wazee na wawaonyeshe vijana alama za mipaka kwa miguu yao, si kwa mdomo tu. Makaburi, visima na njia za ng'ombe na viandikwe. Wapimaji wakija, wapokewe kwa heshima, wala wasifichwe kitu. Maana anayeficha tembo leo, kesho hataaminika akisema habari za shamba lake. Kisha waulizwe: Mmehesabu lini, na mara ngapi? Mpaka huu mmeuchora kwa mto, kwa kilima, au kwa kalamu mezani? Kwa nini liwe daraja hili, wala si lile jingine? Fidia ni nini, na italipwa lini? Majibu yaandikwe katika muhtasari, na nakala ibaki kijijini.

Wala tusidhani kwamba kuuliza ni kuipinga hifadhi. Kitulo isingetangazwa, huenda maua yale yangekwisha kuliwa yote. Na Mto Ruaha Mkuu ukikauka kabisa, mpunga wa Mbarali hautasalimika ati kwa sababu ulikuwa nje ya mpaka. Wanyama, maji na watu wa Nyanda za Juu wamefungwa katika mtumba mmoja. Twataka tu nchi ipimwe sawasawa kabla haijakatwa, kama fundi apimavyo nguo mara mbili na kuikata mara moja. Na katika kupima huko, asiwepo mwenye kusema baadaye kwamba hakuitwa, wala mwenye kusema kwamba aliitwa akakaa nyumbani.